Jua, mvua au theluji: picha ipi ya Louveciennes itundikwe sebuleni?

Fremu ninayo moja tu. Fundi seremala wa mtaani kwetu aliniundia kwa vipande vya mninga vilivyobaki kwenye kazi ya kitanda, akatia kioo, na ukubwa wake ni wa karatasi ya A3. Picha zinazoigombea ni tatu. Zote ni za barabara za kijijini, zote zilichorwa katika kijiji kimoja cha Ufaransa kiitwacho Louveciennes, magharibi ya Paris, kilomita zisizofika 20 kutoka katikati ya jiji. Na zote leo ni mali ya jumba moja la makumbusho, Musée d'Orsay, huko huko Paris.

Ya kwanza ni Entrée du village de Voisins, yaani mahali pa kuingilia kijiji cha Voisins, kazi ya Camille Pissarro ya mwaka 1872. Voisins ni kitongoji cha Louveciennes. Ya pili ni La Diligence à Louveciennes, ya Pissarro huyo huyo, 1870: gari la abiria la kukokotwa na farasi, basi la zama zile, kwenye barabara iliyotoka kunyeshewa. Ya tatu ni La Neige à Louveciennes ya Alfred Sisley, 1878: ujia mwembamba, theluji, na mtu mmoja.

Nimeziprinti zote nikazibandika ukutani kwa zamu, kila moja mwezi mzima, mahali pale pale juu ya kochi, kwenye ukuta unaotazamana na dirisha la mashariki. Hakuna wa kukuzuia kufanya hivyo: Sisley alifariki 1899 na Pissarro 1903, hakimiliki ya kazi zao imekwisha zamani.

Nilipoanza nilikuwa nachagua kama wengi wetu tunavyochagua picha ya kijiji, kwa kutazama vitu vilivyomo: nyumba, farasi, mti mzuri. Vitu hivyo jicho huvizoea upesi mno. Baada ya wiki mbili sikuwa naviona tena. Kilichobaki kikifanya kazi mle chumbani ni saa na hali ya hewa iliyomo ndani ya picha. Kijiji ni kile kile, lakini mwezi wa theluji nyumba yangu haikuwa ile ya mwezi wa jua, na wageni walikaa ndani yake kwa namna nyingine. Kwa hiyo ulinganisho huu nimeufanya kwa kufuata mwanga. Anayetaka nyumba nzuri za kijijini azitafute kwingine, na atazipata nyingi.

Jua la Voisins

Ukisimama mbele ya picha hii, barabara inaanzia kwenye vidole vyako vya miguu. Ni pana, ina rangi ya udongo uliopauka, na inaingia kijijini bila haraka. Kandoni imesimama miti myembamba yenye majani haba, kiasi kwamba anga inapenya kila mahali. Mbele kuna gari la farasi. Watu ni wachache na wadogo, wala hakuna anayefanya jambo la kusimulia.

Sasa tazama chini. Vivuli vya ile miti vimelala kukatiza barabara, kimoja nyuma ya kingine. Jicho linapoingia kwenye picha linavikanyaga: jua, kivuli, jua, kivuli, mpaka linafika kwa farasi, halafu kwenye nyumba. Pissarro amekupa hatua za kutembelea. Mwezi ule nilikuwa nikipita na kikombe cha chai nikajikuta nimesimama, nimekwisha kuingia kijijini hadi nusu ya njia.

Nilisogeza uso mpaka pua ikakaribia karatasi, nikitafuta rangi nyeusi ndani ya vivuli. Haimo. Kivuli ni udongo ule ule wa barabara uliopoa, ukaingiwa na buluu na urujuani hafifu. Sababu yake kila mtu anaweza kuihakikisha uwanjani kwake saa mbili asubuhi, kwa karatasi nyeupe na mkono wake. Mahali ambapo mkono umezuia jua bado panaangaziwa na anga, na anga ni ya buluu, basi kivuli kinavuta buluu hiyo. Mafundi wengi waliotangulia walikuwa wakiweka kivuli kwa rangi nzito ya kahawia ndani ya chumba cha kazi. Pissarro na wenzake walitoka nje na rangi zao kwenye mirija ya bati, kitu kilichobuniwa 1841, wakakiona kivuli mahali kinapolala.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa atauliza hapo ni saa ngapi. Kwetu vivuli virefu hivi ni vya asubuhi au vya kuelekea magharibi. Saa sita mchana kivuli chako unakikanyaga mwenyewe. Louveciennes iko karibu nyuzi 49 kaskazini ya ikweta. Hata katikati ya kiangazi jua halifiki utosini, na mwishoni mwa Desemba, saa sita mchana, linakuwa nyuzi 18 hivi tu juu ya upeo wa macho. Huko jua la ubavuni hukaa na watu sehemu kubwa ya mwaka. Jambo hili nalipenda zaidi kwa Pissarro kuliko kwa mchoraji mwingine yeyote, kwa kuwa yeye alizaliwa 1830 kisiwani Saint Thomas, katika Karibi, nyuzi 18 kutoka ikweta, na ujanani alichora Venezuela. Jua la utosi alilijua tangu akiwa mtoto. Mtu wa namna hiyo, nafikiri, haoni kivuli kirefu cha barabarani kuwa kitu cha kawaida.

Hali ya moyo inayotoka humu ni utulivu, lakini utulivu wa mtu mwenye pa kwenda. Mwanzoni niliuona kuwa utulivu mwepesi, wa picha ya kalenda. Nikaja kutazama upya nilipoweka tarehe pamoja. Vita vya Ufaransa na Prussia vilianza Julai 1870. Pissarro, aliyekuwa akiishi Louveciennes, alikimbia na familia yake, wakaishia London. Nyumba yake ikakaliwa na askari wa Prussia, na aliporudi 1871 alikuta kazi zake za miaka mingi zimeharibiwa au zimepotea. Mwaka uliofuata ndipo alipochora Voisins. Ndani ya picha hakuna dalili hata moja ya hayo yote. Kuta zimesimama, farasi anavuta, jua liko mahali pake. Tangu nijue hivyo, vile vivuli vinavyojipanga barabarani nimeviona kama kazi ya mtu anayehesabu alichobakiwa nacho na kukuta kinatosha kuanza tena.

Theluji ya Sisley

Mama yangu alipoiona kwa mara ya kwanza alikunja uso. "Huyu anakwenda wapi peke yake na baridi hii?" Na hilo swali likawa salamu yake ya kila asubuhi kwa ile picha, mwezi mzima.

Picha imesimama wima, sentimita 61 kwa 50 na nusu. Ujia unapita katikati ya bustani na kuta zilizobeba theluji, unakwenda kuishia mbele ya miti mirefu. Anga ni ya kijivu. Umbo moja dogo jeusi liko njiani, mbali kidogo, na huwezi kusema kwa uhakika kama linakuja au linakwenda.

Hapa hakuna kivuli cha kukanyaga. Wingu limetanda, na mwanga uliopita katika wingu hauna upande. Unatoka juu kote kwa pamoja na unakigusa kila kitu kwa upole ule ule. Kwa hiyo saa haijulikani. Jaribu mwenyewe kukisia kama ni asubuhi au alasiri, hutapata pa kushika. Waliowahi kukaa Lushoto au Njombe msimu wa ukungu wanaujua mwanga huu hata kama hawajawahi kugusa theluji: unaamka, unatazama nje, na bila saa ya ukutani hujui kama siku imeanza au iko katikati. Mimi sijawahi kukanyaga theluji, na nakiri kwamba niliiogopa picha hii kwa kudhani haitanihusu. Ukungu ndio ulionifungulia mlango.

Kisha kuna suala la weupe. Theluji ya Sisley ukiitazama kutoka kwenye kochi ni nyeupe. Ukisogea, weupe unavunjika: hapa ni krimu, pale kijivu cha majivu, chini ya ukuta ni buluu iliyopauka, na mahali pachache ndipo palipoachwa peupe kwelikweli. Mipigo ya brashi nayo haiko sawa. Njiani inalala, kwenye matawi inakatika katika vipande vifupi, angani imetandazwa. Sisley aliwahi kumwandikia rafiki yake Adolphe Tavernier kwamba picha huianza daima kwa anga, na katika kazi hii inaonekana wazi: kila rangi iliyo ardhini imekopwa kutoka juu. Pissarro alikuwa na mwendo mwingine. Uzeeni alimshauri kijana mmoja mchoraji asijenge picha kipande kwa kipande, apeleke anga, maji, matawi na ardhi vyote kwa wakati mmoja. Ukiziweka Voisins na theluji hii bega kwa bega unaiona tofauti hiyo bila kuambiwa na mtu. Voisins imeiva mahali pote kwa pamoja. Ya Sisley imeshuka kutoka angani.

Fanya na hili: ziba lile umbo jeusi kwa kidole gumba. Ujia unakufa. Kuta zinabaki kuta na theluji inabaki rangi tu, hujui tena njia ni ndefu kiasi gani. Ondoa kidole, na papo hapo umbali unarudi, baridi inarudi, ukimya unarudi, kwa sababu sasa yupo wa kuusikia. Sehemu hiyo kwenye karatasi yangu ya A3 haizidi ukucha. Sijui picha nyingine ambayo kitu kidogo hivyo kinashikilia kikubwa hivyo.

Ni ya huzuni? Wageni wengi walisema hivyo. Maisha ya mchoraji yangeweza kuwapa haki: Sisley alizaliwa Paris 1839 kwa wazazi Waingereza waliojiweza, biashara ya baba yake ikaanguka wakati wa vita vya 1870, na tangu hapo mpaka kifo chake kule Moret-sur-Loing aliishi kwa dhiki. Louveciennes aliwahi kuishi mwanzoni mwa miaka ya 1870, na 1878 alikuwa amekwisha kuhama. Hii ni barabara ya mtu aliyerudi kutazama. Lakini sikubali neno huzuni. Mwezi ule nilisoma zaidi kuliko miezi mingine, redio ilifunguliwa kwa sauti ya chini bila mtu kuagiza, na watoto wa dada yangu walipokuja walikaa kwenye zulia wakichora. Mwanga usio na upande haumsukumi mtu popote. Huo ni ukimya, na ukimya na huzuni ni ndugu wasiofanana.

Karibu na mwisho wa mwezi Mama alibadilisha salamu. Alisimama na kanga yake begani, akatazama kitambo, akasema, "Leo amekaribia."

Barabara baada ya mvua

La Diligence nitaisema kwa ufupi zaidi, si kwa kuipenda kidogo. Yenyewe ni ndogo na inasema haraka. Turubai lake ni sentimita 25 kwa 35 hivi, kubwa kidogo tu kuliko karatasi ya A4, na inaelekea ilichorwa kwa mkono wa mtu aliyejua wingu halitamsubiri.

Mvua imekwisha kunyesha. Barabara imelowa, na barabara iliyolowa inafanya kitu ambacho ya Voisins haiwezi: inarudisha anga. Mahali palipotuama maji panakuwa na rangi ya juu, kwa hiyo mwanga unakuja kutoka sehemu mbili, angani na miguuni. Ndiyo maana saa ya baada ya mvua vitu vyote vinaonekana kama vimeoshwa, hata ukuta mkuukuu. Katikati ya uangavu huo lipo gari la abiria. Mtu anafika, au mtu anaondoka. Picha ya Voisins inakutembeza na ya Sisley inakunyamazisha. Hii inakufanya utake kutoka mlangoni uone nani ameshuka.

Ilichorwa mwaka ule ule vita vilipoanza, na Pissarro akakimbia kabla mwaka haujaisha. Sipendi kusoma mambo ya baadaye ndani ya picha ya kabla. Ila gari lile la abiria sasa siwezi kulitazama bila kufikiri kwamba aliyelichora naye alikuwa karibu kufunga mizigo.

Kasoro yake kwa anayetaka picha ya ukutani ni moja. Ukiikuza mno, mipigo ya brashi iliyofanywa kwa turubai la kiganjani inakuwa mikubwa na mizito, na ule wepesi unapotea. Nilipoitoa kwa A3 ilikuwa bado nzuri. Zaidi ya hapo nisingekushauri.

Zikiwa bega kwa bega

Wiki ya mwisho nilizibandika zote tatu kwa mstari, nikazitazama kwa nyakati tofauti.

Asubuhi, jua la dirishani linapopiga ukuta, Voisins inashinda bila mjadala. Mwanga wa chumba na mwanga wa picha unakubaliana, na kwa nusu saa hivi unaona kama barabara ile imeunganishwa na sakafu. Theluji wakati huo huo inaonekana imechujuka, kwa sababu imechorwa kwa mwanga laini na sasa inapigwa na mkali. Mchana wa mawingu mambo yanageuka: Sisley anajaa, kila kijivu kinajitenga na mwenzake, na Voisins inakuwa kama mtu aliyevaa nguo za sherehe siku isiyo ya sherehe.

Usiku ndio muhimu kuliko yote, maana sebule nyingi hutumika usiku. Chini ya balbu yenye mwanga mweupe wa baridi, theluji inakuwa baridi kweli na watu wanasema ni ya huzuni. Nadhani hukumu nyingi nilizozisikia dhidi yake zilitoka kwenye taa yangu. Nilipobadilisha balbu nikaweka ya njano, krimu iliyofichika ndani ya theluji ikajitokeza, na picha ikatulia kwa namna ya kupendeza. Lakini balbu hiyo hiyo ya njano inaila ile buluu ya vivuli vya Voisins. Vinabaki vya kahawia, na nusu ya uzuri wake imekwenda. Ya mvua inastahimili taa zote mbili. Anga na maji yake yana joto na baridi kwa pamoja, kwa hiyo taa yoyote inapata cha kuangazia.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua, tazama dirisha lako liko upande gani na balbu yako ni ya rangi gani. Ni ushauri usio na mapambo, lakini ungenisaidia mimi kuokoa karatasi nyingi.

Na unapokwenda kuprinti, simama karibu na mashine. Duka la kwanza nililokwenda walipitisha theluji ya Sisley kwenye programu inayong'arisha rangi yenyewe, wakanikabidhi kitu cha buluu kali kama pakiti ya sabuni. Walidhani wananisaidia. Waambie rangi zisiguswe hata kidogo, na uchague karatasi isiyong'aa, kwa kuwa karatasi ya kung'aa chini ya kioo inakuonyesha dirisha lako na uso wako badala ya Louveciennes. Faili lichukue kwenye tovuti ya jumba lenyewe la makumbusho ukiweza. Zile zinazozagaa mitandaoni kila moja ina jua lake: Voisins nimeikuta ya manjano, ya kijani na ya waridi.

Suala la vipimo linaonekana dogo, kumbe linaamua mengi. Voisins ni sentimita 46 kwa 55 na nusu. Karatasi ya A3 ni ndefu kuliko umbo hilo. Ukiiweka nzima kwenye A3 inabaki nafasi nyeupe ya kama sentimita 3 kila upande. Wauza picha wengi watataka kuikuza ijaze karatasi, na hapo inakatwa juu au chini. Chini ndiko kuliko na vivuli. Ukikata sentimita 5 za chini umeondoa ngazi yote ya kuingilia kijijini, na kilichobaki ni miti na nyumba. Acha nafasi nyeupe ikae. Sisley naye ana uwiano huo huo, ila amesimama wima, na ukimkata juu umekata anga aliyoanza nayo. Ya mvua, kwa bahati njema, inalingana na karatasi za A karibu kabisa. A4 au A3, inaingia bila kupoteza kitu.

Kabla sijasema nimechagua nini, niseme na nilizoziacha, maana wengine watauliza. Claude Monet, mchoraji mwenzao Pissarro na Sisley, ana barabara ya theluji karibu na Honfleur, yenye mkokoteni, ya mwaka 1867 hivi, nayo imo Orsay. Ni nzuri mno, lakini upana wake unapita sentimita 90 na uzuri wake mwingi umo katika nyayo za magurudumu zinazokuja kwako kwa ukubwa huo. Kwenye A3 inasinyaa. Ana na nyingine ya mtaa wa Argenteuil, iliyoko National Gallery ya London, kubwa kuliko zote kati ya 18 alizochora za theluji ya huko majira ya baridi ya 1874 na 1875. Hiyo ni ya mji zaidi kuliko kijiji. Na Sisley mwenyewe ana barabara ya kijiji cha Marlotte ya 1866, iliyoko Buffalo, Marekani. Hiyo itazame ukitaka kujua mwanga ulikuwaje kabla ya haya yote: rangi za udongo, kijivu kizito, kuta zilizonuna. Miaka 12 tu inaitenganisha na theluji ya Louveciennes, na ni mkono wa mtu yule yule. Katikati ya miaka hiyo kulikuwa na onyesho la 1874 pale boulevard des Capucines, ambako Pissarro na Sisley walitundika kazi pamoja na Monet na wenzao, wakatoka na jina la waimpresionisti walilobandikwa kwa kejeli na mwandishi wa gazeti.

Sasa fremu. Kama picha yako inakwenda mahali pembamba, karibu na mlango, kwenye korido au juu ya meza ya funguo, chukua La Diligence, tena kwa A4, karibu na ukubwa aliouchora Pissarro mwenyewe. Pale mtu anapita akiwa anatoka au anaingia, na gari lile la abiria linamfaa. Kama ni chumba cha kusomea, cha kulala, au cha mtu anayehitaji kutulizwa, mchukue Sisley bila kuogopa neno theluji, umpe balbu ya njano na umwepushe na jua la moja kwa moja. Kwa sebule yenye dirisha la mashariki, inayopokea wageni, Voisins. Mgeni akikaa tu macho yake yanapata njia ya kupita, na hakuna aliyekaa chini yake akauliza ina maana gani.

Yangu ni sebule, na dirisha ni la mashariki. Voisins imeingia kwenye mninga jana, na nafasi zake nyeupe pembeni, na balbu nimerudisha ile nyeupe ili vivuli vipate buluu yao usiku. Ya mvua iko karibu na mlango, imebanwa kwa pini tu kwa sasa.

Ile ya theluji niliikunja kuihifadhi kabatini. Jioni Mama akauliza iko wapi, nikamwonyesha, akaichukua. Ameiegemeza kwenye kioo cha dressing table chumbani kwake, na amekwisha kumpigia fundi simu mwenyewe: atafute mninga mwingine, na safari hii ndoano aiweke upande mfupi.